Jicho Lililokataa Kufumba

Wahenga walituachia kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilichelewa kujua kwamba ukiona vyakwama, huenda vimekwamishwa, na mkwamishaji huenda akawa wewe mwenyewe.

Mwezi Mei mwaka 2006, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, mjomba wangu aliamua kuliuza gari lake ili nilipiwe karo. Nilikuwa nimesajiliwa katika mpango wa sambamba, ule ambao mwanafunzi hujilipia masomo bila ruzuku ya serikali, na tangu baba yangu alipofariki mzigo huo ulikuwa mabegani mwa mjomba. Mtihani ulikuwa unakaribia nami nilikuwa nyumbani Nakuru, kwa kuwa asiyemaliza karo hakuruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Mnunuzi alipatikana, bei ikakubaliwa, siku ikawekwa: Jumamosi. Jioni ya Jumatatu ya wiki hiyohiyo taa ya mbele ya kushoto ilifunguka, kisha ikakataa kufunga.

Huenda msomaji asiyependa magari akashangaa jinsi taa inavyoweza kufunguka na kufunga. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Celica la mwaka 1991, jekundu, lililoletwa nchini kutoka Japani kupitia bandari ya Mombasa mwaka 1998. Taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti mchana kutwa. Usiku ulipoingia na swichi kuzungushwa, ziliinuka kwa pamoja kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Watoto wa mtaani petu waliliita "gari la kuamka". Mafundi wa jua kali walikuwa na majina yao, mengine yasiyoandikika katika jarida hili. Mimi nitaziita taa za kuibuka, na anayeona kwamba zafaa kuitwa taa za kuchomoza asisite kuniandikia.

Ubunifu huu si wa jana. Gari la Cord 810, lililotengenezwa Marekani mwaka 1936, lilikuwa na taa za namna hiyo, na dereva alilazimika kuziinua kwa mkono, akizungusha kishikio kilichokuwa kwenye dashibodi. Baadaye umeme ulichukua nafasi ya mkono. Wabunifu wa magari ya kasi walitaka pua iwe chini ili upepo upite bila kizuizi, ilhali sheria zilitaka taa ziwe juu. Marekani nayo, hadi mwaka 1983, ilishurutisha magari yatumie taa za maumbo machache yaliyowekwa na serikali. Taa ya kuibuka ilikuwa njia ya kuwaridhisha wote wawili. Magari ya mwisho ya namna hiyo kutengenezwa kwa wingi, Lotus Esprit na Chevrolet Corvette la kizazi cha tano, yalikoma mwaka 2004. Taa ndogo zenye nguvu zilikuwa zimepatikana, na kanuni za kumlinda mwenda kwa miguu hazikupenda kitu kilichochomoza juu ya boneti.

Mjomba hakulinunua gari hilo kwa sababu ya taa. Alilinunua kwa sababu ya Pasaka. Mashindano ya magari ya Safari yaliyokuwa yakifanyika majira hayo yalitawaliwa na Celica: Björn Waldegård alishinda nalo mwaka 1990, Carlos Sainz mwaka 1992, Juha Kankkunen mwaka 1993, na mwaka 1994 zamu ikamfikia Mkenya, Ian Duncan. Mjomba alisimama kando ya barabara mwaka huo, akarudi nyumbani amejaa vumbi hadi kwenye kope. La kwake halikuwa na injini ya turbo wala halikuendeshwa kwa magurudumu manne. Lakini sura ilikuwa ileile, na kwake hilo lilitosha.

Nirudi kwenye jicho letu. Kila taa ilikuwa na mota yake. Mota huzungusha gia, gia huzungusha mkono mfupi wa chuma, na mkono huo husukuma ufito unaoinua taa. Nusu ya mzunguko huinua, nusu ya pili huteremsha. Ndani yake mna kisahani chenye njia za shaba kinachokata umeme kila nusu mzunguko inapotimia, ndiyo maana taa husimama pale inapopaswa kusimama. Kando, chini ya kofia ya mpira, pana kishikio kidogo cha kuizungusha mota kwa mkono siku mambo yanapoharibika.

Kwa hiyo mwenye kutafuta kasoro hana budi kuanza kwa sikio kabla ya spana. Ikiwa mota inanguruma na taa haisogei, gia imelika au ufito umechomoka. Ikiwa taa inapanda kwa kusuasua na kuishia katikati, kuna kutu kwenye viungo, grisi iliyokauka, au umeme unaofika ukiwa dhaifu. Ikiwa inapanda na kushuka bila kukoma kama mtu anayekonyeza, kisahani cha ndani ni kichafu. Zikigoma zote mbili, huna haja ya kugusa taa yoyote. Kasoro iko kwenye kile zinachoshiriki, yaani fyuzi, rilei au swichi. Yetu ya kulia ilifanya kazi barabara. Ya kushoto ilikuwa kimya kabisa.

Leo nayaandika haya kwa utulivu. Wakati ule sikuyajua. Nilijivika joho la ufundi, nikainamisha kichwa chini ya boneti kwa dakika tano, nikatoa hukumu.

"Mjomba, mota imekufa."

"Umeipima?"

"Haitoi sauti yoyote."

"Aliyekufa na aliyelala wote hawatoi sauti, mpwa wangu. Umeipima?"

Mjomba alikuwa fundi wa simu katika Shirika la Posta na Simu kabla ya shirika hilo kugawanywa mwaka 1999. Miaka yake mingi ilipitia juu ya nguzo, na imani yake kuhusu nyaya ilikuwa karibu na dini. Simu ikifa, alikuwa akisema, hubadilishi simu kabla hujapima waya. Nilimsikiliza kama msomi amsikilizavyo mstaafu. Alfajiri ya Jumatano nilipanda matatu hadi Nairobi, nikazunguka maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga hadi miguu ikawaka moto, nikanunua mota kuukuu kwa shilingi 2,500. Fedha hizo zilikuwa akiba yangu yote. Alhamisi nilichomoa fyuzi kwanza, kwa kuwa taa hiyo ikishuka ghafla haijali vidole vya nani viko chini yake, nikafunga mota mpya, nikarudisha fyuzi, nikazungusha swichi.

Ya kulia ikainuka. Ya kushoto ikatukodolea macho vilevile, kimya.

Hapo ndipo shetani aliponijia na shauri jepesi. Nilimwambia mjomba kwamba tunaweza kuiteremsha kwa kile kishikio cha mkono. Mnunuzi angekuja mchana. Hangekuwa na sababu ya kuwasha taa. Na akifika kwake na kugundua, gari kuukuu ni gari kuukuu. Mjomba aliniangalia kwa muda mrefu. "Mtu hauziwi upofu," akasema, kisha akaingia ndani kutafuta kitu.

Alichorudi nacho kilikuwa balbu ndogo ya volti 12 iliyounganishwa na nyaya mbili. Akaketi juu ya kigoda mbele ya gari, akachomoa plagi ya mota ya kushoto, akagusisha waya mmoja wa balbu kwenye njia ya kuletea umeme na wa pili kwenye ncha hasi ya betri. Aliponiamuru nizungushe swichi, balbu iliwaka kwa nguvu. Umeme ulikuwa unafika. Kisha akautoa ule waya wa pili kwenye betri, akaugusisha kwenye njia ya ardhi ndani ya plagi ileile. Nikazungusha swichi tena. Balbu haikuwaka hata kidogo.

"Sasa umeona," akasema. "Umeme unakuja, hauna njia ya kurudi."

Nimetumia neno ardhi, na najua wapo watakaolipinga. Mafundi wetu husema "ethi". Katika nyumba, waya wa ardhi huingia ardhini kweli, lakini gari limesimama juu ya mpira na haligusi ardhi popote. Ardhi ya gari ni bodi lake lenyewe. Kila kifaa hupokea umeme kupitia waya wake, kisha wote huurudisha kwenye bati lile moja, na bati huurudisha kwenye betri. Bolti moja ikilegea, kifaa hubaki na chakula mdomoni bila koo la kumezea. Mjomba akanikumbusha pia kwamba tangu Aprili taa ya ishara ya kushoto ilikuwa ikipepesa kwa unyonge. Nami nilikuwa nimeliona hilo kila siku, wala sikuwahi kuihusisha na jirani yake.

Tuliufuata waya mweusi kutoka kwenye plagi kwa mwanga wa tochi. Ulipita nyuma ya taa, ukaungana na mwenzake wa taa ya ishara, ukaishia kwenye bolti moja iliyofungwa kwenye bati la ndani, pembeni kabisa. Mjomba akaifungua kwa spana namba kumi. Chini ya kichwa chake palikuwa na kutu, na chini ya kutu, rangi. Nyekundu nzito, mbichi kuliko nyekundu ya gari.

Naomba nieleze nilichokuwa sijakieleza kwa miezi mitano. Mnamo Desemba 2005 mjomba alisafiri kwenda mazishini, nami nikalichukua gari kwenda dukani bila ruhusa. Wakati wa kurudi niliikwaruza pembe ya kushoto kwenye nguzo ya lango. Mpaka rangi wa kando ya barabara aliifungua sehemu hiyo, akaziba kwa mastiki, akapulizia rangi kila alipofika, pamoja na mahali pa bolti, kisha akafunga nyaya juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kwa miezi kadhaa nyuzi za bolti zilitosha kubeba kazi hiyo; mvua za masika zilipoingia, kutu ikakamilisha. Mjomba aliporejea kutoka mazishini rangi ilikuwa imekauka, na mimi nilikuwa nimejifunza kunyamaza.

Aliishika ile bolti karibu na tochi. Sikujua kama alikuwa amejua tangu zamani au alikuwa anajua wakati huo. Nikafungua kinywa, nikasema yote, kuanzia ufunguo nilioutoa mfukoni mwa koti lake hadi fedha nilizomlipa yule mpaka rangi. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha msasa, akanipa.

"Haya, sugua mwenyewe."

Nilisugua mpaka bati likang'aa kama sarafu, nikasugua na jicho la waya, nikaikaza bolti na kupaka grisi juu yake ili maji yasipate mwanya. Kisha mjomba akataka tuirudishe ile mota ya zamani, niliyoihukumu kifo. Nilipoiunganisha na kurudisha fyuzi, swichi ikiwa imezimwa, taa haikusubiri amri. Ilinguruma, ikashuka taratibu, ikalala. Ilikuwa kama saa nne usiku. Mjomba aliwasha na kuzima mara tatu, akaenda kulala bila kusema neno.

Mnunuzi alifika Jumamosi akiwa amechelewa, giza likianza kuingia, na jambo la kwanza aliloomba ni kuwashiwa taa. Zikainuka zote mbili. Nilidhani mambo yamekwisha, lakini mjomba alifungua boneti, akamwonyesha ile bolti, akamsimulia habari yake yote pamoja na jina la aliyeigonga nguzo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Mnunuzi alicheka kidogo, akahesabu fedha bila kupunguza kitu. Niliingia ndani nikaitoa ile mota ya shilingi 2,500, nikaifunga kwa gazeti, nikamwekea kwenye kiti cha nyuma.

Alipofika langoni alizizima taa na kuziwasha tena, nadhani kwa raha tu. Ya kulia ilitangulia. Ya kushoto ikafuata, ikiwa imechelewa kidogo, kama ilivyokuwa kawaida yake tangu gari lilipoingia nyumbani kwetu.