Maracanã: Uwanja Uliopungua Ukapendeza

Mgeni afikaye Rio de Janeiro, nchini Brazili, hakosi kuoneshwa uwanja wa Maracanã. Jina lake rasmi ni la Mário Filho, mwandishi wa habari za michezo aliyepigania ujengwe mahali hapo. Lakini wenyeji hulipenda zaidi jina la mto upitao jirani.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya Kombe la Dunia. Siku Brazili ilipofungwa na Uruguay mabao 2 kwa 1, watu 173,850 walikuwa wamelipa kiingilio, na wengi hukadiria kuwa waliokuwamo walikaribia 200,000. Leo uwanja ule ule huchukua watu wapatao 78,000. Je, wale wengine wamekwenda wapi?

Jawabu la kwanza ni usalama. Mwaka 1992 kizuizi cha jukwaa la juu kiling'oka, watu wakaporomoka hadi jukwaa la chini. 3 wakafariki na makumi wakajeruhiwa. Mama anayempeleka mwanawe uwanjani anataka hakika ya kurudi naye nyumbani. Hivyo viti viliwekwa, na katika ukarabati wa 2010 hadi 2013 majukwaa ya kale yakavunjwa, likaezekwa paa jipya jepesi linalowafunika takriban watazamaji wote.

Jawabu la pili ni habari ya geral. Hilo lilikuwa eneo la chini kabisa, kandokando ya uwanja, ambapo wasio na uwezo walisimama bila kiti wala paa. Jua lilikuwa lao na mvua ilikuwa yao, na mchezo wenyewe waliutazama kwa kuchungulia. Hata hivyo kiingilio kilikuwa rahisi mno, hata kibarua aliweza kukimudu. Mwaka 2005 geral ilifungwa, viti vikachukua nafasi yake, na bei zikapanda.

Kukarabati hakukuwa kosa. Roho za watu zina thamani kuliko mazoea. Lakini viti havikulazimisha bei kupanda. Bei hupangwa na watu.

Nasi viwanja vyetu vya mwambao vinapotengenezwa, tushukuru kwa kuta imara na vyoo safi vinavyomwezesha mama kwenda na wanawe. Kisha tuulize mapema: kiingilio kitakuwa shilingi ngapi, na mtoto wa mvuvi atakaa wapi?