Dakika Nzima

Raundi za asubuhi zilinifundisha woga kabla hazijanifundisha udaktari. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990, niko mwaka wa nne, na katika hospitali niliyopangiwa kwanza bingwa wetu aliuliza maswali kama hakimu. Ukikosa jibu, ulifokewa mbele ya wagonjwa hadi kitanda cha mwisho. Nikawa hodari wa kujibu upesi. Mgonjwa mwenyewe nilikuwa simtazami.

Baadaye nikapelekwa wadi ya watoto ya hospitali moja ya wilaya, chini ya daktari mzee, mpole. Siku moja nilimpa faili la mtoto wa miezi 9: homa, kikohozi, pumzi 40 kwa dakika.

"Umehesabu kwa muda gani?"

"Sekunde 15, Dokta. Nikazidisha kwa nne."

Nilisubiri kufokewa. "Njoo, binti yangu, tukahesabu wote," akasema.

Akavuta stuli. "Mama, usimwamshe. Mpandishe tu kishati." Akavua saa yake ya mshale wa sekunde, akaniwekea kiganjani. Kifua kilipanda mbio mbio, kikatulia kidogo, kikaanza tena. Dakika ilipokwisha tulikuwa na 56. Kwa mtoto wa umri ule mwenye kikohozi, pumzi zikifika 50 tunahesabu ni nimonia.

"Mtoto hapumui kwa mwendo mmoja," akaniambia. "Robo dakika itakudanganya." Kisha, kabla hajaandika dawa yoyote, alimgeukia mama na kumweleza tulichokiona, taratibu, mpaka mama akaelewa.

Tangu siku ile niliweza kusema "sijui" bila kutetemeka, maana nilijua atafuatana nami hadi kitandani.

Mengi yamebadilika. Zamani karibu kila homa tuliiita malaria. Mwaka 2010 WHO ikaelekeza kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na sasa kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa. Kuna na kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Vifaa hivi navipenda, vimeokoa watoto wengi. Lakini kumkalisha intani kando ya mama bado ni kazi ya mwalimu, na wengi wetu tumeiacha kwa kisingizio cha foleni.

Wiki iliyopita intani wangu aliandika pumzi 44 akiwa amesimama. Nikavuta stuli, tukahesabu wote. Zilikuwa 58, na mtoto akalazwa usiku uleule.