Hii si rede, usiukimbie mpira!

Hivi msomaji wangu, umewahi kuona watoto 24 wakigombea gongo saa 2 asubuhi? Tulia, usimwite mjumbe. Gongo ninalosema ni lile la mti, la kupigia mpira wa besiboli. Mahali penyewe ni uwanja wa vumbi huku kwetu Temeke, ambako mbuzi nao wana namba zao za kudumu kikosini.

Hapa Bongo mchezo huu bado mgeni. Wajapani ndio waliousukuma sana, na ukifika Upanga, ndani ya Shule ya Sekondari Azania, utakuta uwanja wake kabisa, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2018. Mimi nilikwenda kutazama mara kadhaa, nikarudi mtaani najiona profesa. Majirani wakanikabidhi watoto wa miaka 8 hadi 12, niwafundishe kila Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza nilichemsha, nakiri. Niliwapanga foleni moja, gongo moja, mpira mmoja. Mmoja anapiga, 23 wanasubiri. Na mtoto akisubiri sana anatafuta ugomvi. Baya zaidi, nilitumia mpira wa wakubwa. Ule ndani una koki, imezungushiwa nyuzi za sufu, juu ngozi. Gramu zake ni 142 hadi 149 tu, lakini ukikupata utadhani jiwe. Ulimpata binti wa miaka 9 mdomoni. Damu, kilio, mazoezi yakavunjika.

Jioni nikaenda kwao kuomba radhi. Mama yake alikuwa barazani anakaanga mihogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Hakunifokea, na hapo ndipo paliponiuma.

"Mwanangu," akasema, "meno ya mtoto hayauzwi Kariakoo. Ukishajua kufundisha, ndiyo uje uniombe mtoto."

Usiku sikulala. Nikakumbuka kitu. Yule binti ni bingwa wa rede pale mtaani, mkono wake ukirusha mpira haukosi. Lakini rede imemfundisha jambo moja tangu utotoni: mpira ukija, upishe! Ndiyo maana alifumba macho na kugeuza uso. Besiboli inataka kinyume chake, uusubiri mpira na uutazame mpaka uingie mkononi. Kumbe hakuwa mzembe. Mzembe nilikuwa mimi, niliyemfundisha kupiga kabla sijamtoa woga.

Jumamosi ya pili nikabadili kila kitu. Mpira mgumu nikaufungia kabatini, nikanunua ya tenisi iliyochakaa. Watoto nikawagawa makundi matatu, kila kundi dakika 10 kisha wanabadilishana. Kundi la kwanza wanarushiana wawili wawili, hatua tano tu, mikono mitupu. Mpira wa juu ya kifua, vidole juu. Wa chini ya kiuno, vidole chini. Kundi la pili wanapiga mpira uliotulia juu ya bomba la plastiki nililolisimika kwenye ndoo ya mchanga. Mwenye gongo ni mmoja, wengine nyuma ya kamba. Kundi la tatu wanakimbia besi, ambazo ni mifuko ya mchanga. Wakubwa besi zao hupishana mita 27.43, na kwenye ligi za watoto za Marekani ni mita 18.29. Sisi tulipima hatua 18 za miguu yangu, yakaisha.

Hakuna aliyesimama, hakuna aliyepigana. Hata mbuzi walihama.

Nikarudi kwa mama, safari hii nikamwomba aje aone kwa macho yake. Nikamsimulia na majirani zetu Waganda, jinsi watoto wa Lugazi walivyokwenda Marekani mwaka 2012 wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za ligi ya watoto. Akaguna tu.

Jumamosi ya tatu akaja, binti mkononi, beseni la mihogo kichwani. Nikamrushia binti mpira kwa chini, taratibu. Wa kwanza akaupisha. Wa pili akaupisha. Wenzake wakaanza kucheka, nikawanyamazisha. Nikamwambia, "Usiudake. Niambie tu una rangi gani ukifika."

Wa tatu akaukodolea macho. "Kijani!" akapiga kelele, na mpira ukiwa tayari kiganjani mwake. Akautazama kama kaokota hela.

Mama hakusema neno. Aliufunua ule mfuniko wa beseni, akaanza kuuza mihogo. Nikajua nimesamehewa, maana mtu hafungui biashara mahali asipopanga kurudi.

Basi msomaji, Jumamosi karibu Temeke. Njoo na kofia na maji ya kunywa. Mihogo ipo, ila mama hakopeshi, hata kwa kocha.