Ile Picha ya Ndege Bado Ipo Ukutani kwa Babu

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, ila staa yumo. Jina lake naliweka kapuni, maana mashabiki wake ni wengi na bando langu ni dogo.

Mwaka jana huyu dada alikuwa anatembea Marekani, akaposti picha amesimama mbele ya ndege yenye maboya makubwa badala ya matairi. Akaandika kuwa ndiyo iliyoipiga meli ya Wajerumani kule Rufiji. Laiki zikamiminika. Mdau mmoja akakomenti, "Hiyo ni ya Kijapani," nikamporomoshea maneno ambayo hapa siyarudii. Halafu nikaiprinti kubwa, nikaiweka kwenye fremu, nikampelekea babu hapa hapa Ifakara.

Kwa nini babu? Baba yake alikuwa mpagazi wa Wajerumani, vita ya kwanza ya dunia. Meli inaitwa Königsberg, ilijificha delta ya Rufiji mwaka 1914 baada ya boila zake kuharibika. Vipuri vya boila viliburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha vikarudishwa, na babu anasema baba yake alikuwa mmoja wa waliovuta kamba. Tangu niko mdogo nasikia: ndege ilipita juu ya mikoko ikatua majini kama bata. Wajukuu tulicheka sana. Lakini maji ya Rufiji yanatoka huku kwetu jamani, Kilombero ikikutana na Luwegu ndiyo Rufiji inazaliwa.

Babu alipoipokea hakusema kitu. Macho hayaoni vizuri, akaisogeza usoni, akapapasa kioo. Jioni majirani wote walikuwa uani.

Sasa juzi usiku bando la usiku likanipeleka kuchimba. Yule mdau alikuwa sahihi. Ndege ile ni Aichi Seiran, ya Japani, vita ya pili. Mabawa yanakunjwa ili iingie ndani ya nyambizi. Zilitengenezwa 28 tu, dunia nzima imebaki moja, ipo makumbusho ya Virginia karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Lile duara jekundu la Japani lipo ubavuni, ila kwenye picha ya dada limezibwa na wigi.

Za Rufiji? Hakuna iliyobaki. Ya kwanza ilikuwa Curtiss, rubani wake Cutler. Rejeta ilipozingua wakamfungia ya gari la Ford! Aliiona meli Novemba 1914, Desemba akakamatwa. Zikaja Sopwith, za mbao, kitambaa na gundi, joto letu likaachanisha gundi. Zikafuata za kampuni ya Short. Ndugu yao mmoja, Short 184, kabaki kipande cha mbele tu kule Yeovilton, Uingereza. Hicho kilitoka salama vita ya kwanza, kikaja kupigwa bomu kikiwa kimetulia makumbusho London. Na hata meli hazikuizamisha ndege. Julai 11, 1915 ilimalizwa na mizinga ya meli za Severn na Mersey, ndege zikiwa juu zinaelekeza.

Nikalala vibaya. Yule mdau nilishamfuata inbox kumwomba radhi, akanijibu kwa kidole gumba tu. Babu je?

Jumamosi nikaenda.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

Nikamweleza yote, kichwa chini. Akakaa kimya, halafu akauliza, "Hiyo ya Mjapani inatua majini?"

"Inatua."

"Basi iache ukutani. Na ile meli, hakikubaki hata chuma?"

Nikamwambia mizinga yake 10 ilitolewa mtoni ikaenda kupigana nchi kavu, ikiburutwa na watu vilevile. Mmoja upo Pretoria, mwingine upo Fort Jesus, Mombasa.

Akanyoosha mkono akanishika bega. "Huo wa Mombasa, mtu anaruhusiwa kuugusa?"

Wadau wa Mombasa, nijibuni hapo chini. Na mwenye kujua nauli ya basi kutoka Ifakara hadi huko kwa watu wawili, mmoja akiwa mzee wa kushikwa mkono, anitumie leo leo.