Unguja si karafuu tu, hata jikoni kuna ya kujifunza

UKIMWAMBIA mtu wa Dar es Salaam kuwa umetoka Unguja, salamu huwa fupi na swali huwa moja: "Haya, umetuletea nini?" Anachosubiri ni halua, karafuu au walau mkate wa ufuta. Safari hii nimewaudhi wengi. Nimerudi na mkoba mwepesi, maana nilichobeba kimo kichwani. Nimeleta maarifa ya jikoni.

Usicheke, msomaji wangu. Kazi ya nyumbani haina likizo wala mshahara. Anayeifanya akiokoa nusu saa, ndoo ya maji au kopo la mkaa, hayo ndiyo marupurupu yake. Na huko visiwani kuna kina mama waliojilipa marupurupu hayo bila kumwomba mtu.

Boti iendayo kasi inakuvusha kwa muda wa saa mbili hivi. Wageni wengi wakishuka bandarini wanageukia Forodhani na vichochoro vya Mji Mkongwe, ule uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mimi nilivikata vichochoro haraka haraka, nikapita soko la Darajani, jengo la tangu 1904, nikavuka barabara kuingia Ng'ambo. Nyuma ya yale majumba marefu ya Michenzani ndiko anakokaa mwenyeji wangu, mama mtu mzima aliyewahi kulea watoto, wajukuu na wapangaji. Jina lake silitaji, mwenyewe hapendi mambo ya magazeti.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu, karibu. Vua viatu, kaa mkekani, unywe maji."

Maji yenyewe yalikuwa baridi, nami nikayasifu kwamba friji lake zuri. Akacheka mpaka akashika ubavu. Friji lilikuwapo kweli, lakini maji hayakutoka humo. Yalitoka kwenye mtungi.

MTUNGI ULIOSHINDA FRIJI

Hapo ndipo aliponisimulia habari ya kiza. Desemba 2009 njia ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Bara iliharibika, na Unguja ikakaa bila umeme hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Na haikuwa mara ya kwanza, kwani kati ya Mei na Juni 2008 walikwishaonja kiza cha karibu mwezi mzima. Pampu za maji zinataka umeme, kwa hiyo taa zilipozimika mifereji nayo ikakauka. Watu wakawa mbioni na ndoo na madumu, wakitafuta visima.

"Friji za watu zikageuka makabati," alisema. "Mimi n'kamwambia mwanangu, hebu nitolee ule mtungi wa bibi yako."

Mwaka 2013 ulilazwa waya mpya baharini, wa megawati 100, na shida ile kubwa ikapita. Lakini mtungi haukurudi stoo. Bi Mkubwa aliona umemsaidia, akaona si adabu kuufukuza.

Siri ya mtungi ni hii. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Maji yanapenya humo polepole hadi nje, upepo unayakausha, na yanapokauka yanaondoka na joto. Kwa hiyo mtungi usiupake rangi hata kama unataka upendeze, utaziba vitundu vyake. Uweke kivulini penye upepo, chini yake mchanga wenye unyevu, na juu kifuniko safi. Upepo wa kusi ukivuma utadhani maji yametoka kwenye barafu. Siku za mvuke na joto lisilo na upepo, usitarajie makubwa. Na mtungi unapooza tu, hauui vijidudu. Maji ya kunywa yachemshwe kwanza.

MOTO, MASIZI NA MAKAA

Jikoni kwake nilikuta sufuria zinang'aa ndani na nje, ilhali baadhi ya siku anapikia kuni. Kwangu sufuria ikipanda kwenye kuni inashuka nyeusi kama chini ya gari bovu. Nikamuuliza anasugua na nini.

"Sisugui. Nani ana nguvu za kusugua kila siku?"

Kabla ya kuteleka, anachukua majivu, anayatia maji kidogo yawe uji mzito, anaupaka nje ya sufuria kote. Kipande cha sabuni iliyolowa kinafanya kazi hiyo hiyo. Masizi yanashika majivu badala ya kushika sufuria, na ukiosha yote yanatoka pamoja. Dakika moja kabla ya kupika inakuondolea robo saa baada ya kula. Kama si kujitakia mema, ni nini?

Jiko la mkaa analiwasha kwa vifuu vya nazi vilivyokauka, vinashika moto upesi wala havihitaji mafuta ya taa yanayonukisha chakula. Wali ukikaribia kukauka, haongezi mkaa mpya. Anachota makaa yaliyobaki, anapalia juu ya kifuniko, na chini anaacha machache. Ule moto wa mwisho, ambao wengi tunauacha ufe bure, kwake ndio unaokausha wali.

Hata wenye gesi, mfunike sufuria. Kifuniko hakina bei kila mwezi, mtungi wa gesi unayo.

Lakini hapa Bi Mkubwa aliacha mzaha. Jiko la mkaa, hata likiwa halitoi moshi, lisiingizwe chumbani na mlango ukafungwa. Makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki. Msimu wa mvua wengi wanaliingiza jiko ndani kwa ajili ya joto. Msifanye hivyo, jamani.

NDIMU KAZI KUMI

Jioni tulikwenda Darajani kununua samaki na fenesi. Wenzangu na mimi tunaogopa fenesi kwa sababu ya utomvu wake, ukikushika vidoleni unatembea nao siku mbili. Bi Mkubwa alipaka mafuta ya nazi mikononi na kwenye kisu kabla ya kupasua. Utomvu ukateleza. Kama umekwishashika, maji hayautoi. Sugua kwa mafuta kwanza, ndipo ufuate na sabuni. Dawa hiyo hiyo inafaa kwa ndizi mbichi.

Samaki akawasafisha, akawatia ndimu na chumvi. Ganda la ndimu hakulitupa, akajisugulia mikono na ubao. Harufu ya samaki inashindwa na ukali wa ndimu, sabuni peke yake haiiwezi. Wakati wa kiza kile, aliniambia, samaki wa ziada hawakulala nyumbani wabichi. Walikaangwa siku hiyo hiyo, au walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani wawe ng'onda.

Ganda lile bado halijamaliza kazi. Kwenye ukumbi wake lipo sinia la shaba na birika la kahawa, vitu vya urithi. Hewa ya bahari inaifubaza shaba upesi. Anachovya ganda la ndimu katika chumvi laini au majivu yaliyochekechwa, anasugua, anasuuza papo hapo na kukausha kwa kitambaa. Ukichelewa kusuuza, ndimu inaacha mabaka. Asiye na ndimu atumie ukwaju.

Tena neno moja la hatari. Ndimu na siki visikutane kabisa na ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Zikichanganyika zinatoa hewa kali inayochoma koo na mapafu. Watu wanadhani dawa mbili zikiungana zinasafisha zaidi. Wapi!

Kabla ya kulala nikaona miguu ya kabati la chakula imesimama ndani ya vikopo vinne vya maji. Sisimizi wakifika hapo wanageuza. Vikopo hivyo vimwagwe kila baada ya siku mbili tatu na kusuguliwa, ama sivyo utawafukuza sisimizi na kufuga mbu. Na katika kopo la chumvi mlikuwa na punje chache za mchele mkavu. Kisiwani chumvi inavuta maji hadi inakuwa tope, na mchele unapunguza unyevu huo.

CHUNGU KINACHOPIKA PEKE YAKE

Asubuhi Bi Mkubwa akasema nisirudi Dar kabla sijaonana na mdogo wake aliyeolewa Jambiani, pwani ya mashariki. "Huko utaona jambo," aliniambia. Tukapanda daladala, tukapita mashamba ya minazi na vichaka vya mawe, hadi bahari ikatokea mbele, nyeupe na buluu.

Ufukweni kina mama wengine walikuwa wakifukua makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa mchangani karibu na maji kwa miezi kadhaa, yakilainika yanapondwa, unatoka usumba wa kusokotea kamba. Vipande vibovu havitupwi. Donge la usumba na majivu kidogo linang'oa ukoko wa sufuria kuliko waya wa dukani.

Jambo lenyewe, hata hivyo, lilikuwa jikoni kwa mdogo mtu. Jiko lilikuwa limezimwa kabisa, majivu yamepoa, mwenye nyumba hayupo. Kuna kapu tu kwenye pembe, limefunikwa mto na kanga kuukuu. Nikadhani ni nguo za kufua.

Tuliambiwa yupo kwenye mwani. Kilimo cha mwani kilianza pwani ile mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Mwani hausubiri mtu. Unakwenda maji yanapokupwa, unarudi yanapojaa. Bamvua likiangukia saa ya kupika, lazima mama achague: mwani au chungu.

Yeye amekataa kuchagua. Alirudi amelowa hadi kiunoni, akaamkia dada yake, akanawa mikono, akafungua lile kapu. Mvuke ukampiga usoni. Ndani mna sufuria ya maharage, yameiva yanapasuka, na hakuna aliyeyachochea tangu asubuhi.

Anafanya hivi. Kapu kubwa amelitandika ndani usumba mkavu na matambara, chini na pembeni kote, akaacha nafasi ya sufuria kukaa sawasawa. Maharage anayaloweka usiku kucha, anamwaga maji ya kulowekea, anatia mengine. Anayachemsha yatokote kwa nguvu kama dakika 20. Hapo hapo, kifuniko kikiwa kimebana, anaiingiza sufuria kapuni, anafunika kwa mto mnene, anafunga kanga juu. Joto halina pa kutokea, kwa hiyo linaendelea kupika. Akirudi baada ya saa nne anatia nazi na chumvi, anachemsha tena kidogo, watu wanakula.

Mambo matatu msiyapuuze. Kwanza, sufuria iwe karibu kujaa, kwani chakula kidogo kinapoa upesi. Pili, maharage mekundu yatokote kwelikweli si chini ya dakika kumi kabla ya kuingia kapuni, yana sumu ambayo joto la kapu peke yake haliitoi, itawageuza matumbo. Tatu, kapu si friji. Chakula kiliwe siku hiyo, kisilale humo.

Nikamuuliza mkaa kiasi gani anaokoa. Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto.

"Mkaa ndiyo, unapungua. Lakini dada, mimi nahesabu bamvua. Zamani siku mbili tatu katika kila bamvua nilikuwa sendi, kwa sababu ya chungu. Sasa sikosi hata moja. Na watoto wakirudi skuli hawakuti moto umeachwa peke yake."

Jibu hilo nimerudi nalo. Tunazoea kuziita hizi mbinu za ufukara, eti za mtu asiye na friji wala jiko la maana. Bi Mkubwa friji analo, na mdogo wake anauza mwani wake. Wanachokataa ni kuupoteza muda wao. Majivu nje ya sufuria, makaa juu ya kifuniko, kapu kwenye pembe, vyote vinamrudishia mama saa ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiihesabu. Yeye anaihesabu.

Kwa hiyo wale mliokuwa mkisubiri halua, poleni. Chukueni kapu kuukuu, matambara mliyokuwa mtupe, na sufuria yenye kifuniko kinachobana. Anzeni na wali, ni mwepesi kuliko maharage. Na akina baba wanaodai kuwa jikoni hawakujui, kapu halina moto, haliwaunguzi, halina udhuru.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.