Nyamisati Iliyoenea Kiganjani

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumwona mtoto akipanga sakafuni magari ya mabati na nyumba za maboksi. Basi picha nitakayokusimulia ingekukumbusha mchezo huo, ingawa vyombo vilivyomo si vya kuchezea. Ni mashua za kweli, zenye abiria na magunia, zilizotia nanga Nyamisati, wilayani Kibiti.

Tulitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, tukapita Mbagala na Mkuranga hadi Bungu. Hapo tukaiacha barabara kuu na kugeukia mashariki, upande wa bahari. Nyamisati ndiko wanakopandia vyombo wasafiri wengi waendao Mafia. Pembeni yake imetanda delta ya Mto Rufiji, yenye yapata hekta 50,000 za mikoko. Hakuna msitu wa mikoko ulio mkubwa kama huo mahali pamoja katika Afrika Mashariki.

Nchi hii ni tambarare, haina kilima cha kupanda. Na picha ya namna hii hutaka mpigaji atazame kutoka juu, kama mtu mzima anavyotazama mchezo wa mtoto. Hivyo tulingoja maji yapwe. Bahari iliposhuka, mashua zikashuka pamoja nayo, nasi tukabaki juu ya gati. Kijana wetu akapiga picha kwa simu yake.

Huenda ukauliza, mashua ya tani kadhaa hugeukaje kitu cha kuchezea? Sogeza kamera karibu na siafu aliye juu ya jani. Siafu ataonekana vyema, lakini mbele yake na nyuma yake kutakuwa na ukungu. Macho yetu yameizoea hali hiyo. Kwa hiyo tukitia ukungu juu na chini ya picha ya kitu kikubwa, akili hudanganyika na kuamua kwamba kitu hicho ni kidogo na kiko karibu. Wapiga picha kama Olivo Barbieri wa Italia na Naoki Honjo wa Japani walisifika kwa kuifanya miji mikubwa ionekane hivyo, wakitumia lenzi zinazoweza kuinamishwa.

Siku hizi kompyuta inatosha. Programu ya GIMP hupatikana bila malipo. Fungua picha, kisha iwekee nakala juu yake. Nakala hiyo itie ukungu wote. Halafu futa ukungu katika ukanda mwembamba wa mlalo, pale kilipo chombo unachotaka kionekane, na kingo za ukanda huo zififie polepole. Mwisho ongeza rangi kidogo, kwani vitu vya watoto hupakwa rangi kali. Jihadhari na mlingoti mrefu: tako lake likiwa wazi na ncha yake imo ukunguni, hila yako itafichuka.

Nyumbani, watoto waliishangilia picha ile. Mmoja alijaribu kuisukuma mashua kwa kidole. Lakini bibi yetu, mzaliwa wa delta, hakucheka.

"Wajukuu zangu," akasema, "mbona mmewafanya watu vidudu?"

Swali hilo halikuniacha. Mwezi Aprili 2024, mafuriko ya Mto Rufiji yaliingia katika mashamba na nyumba za watu wa Kibiti na Rufiji. Picha zilizopigwa kutoka juu zilionyesha mapaa yaliyozungukwa na maji. Fikiri kama mtu angezitia ukungu huu. Msiba ule ungeonekana kama mchezo ndani ya beseni, na nani humlilia mwanasesere?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, jifunze ufundi huu na uwafurahishe wanao kwa picha za soko, bandari au uwanja wa mpira. Chini ya picha andika kwamba imetengenezwa. Lakini penye maafa, iache picha kama ilivyo.

Bibi aliomba aonyeshwa ile ya kwanza, isiyoguswa. Akaishika simu mbali kidogo na macho, akaanza kuwahesabu waliomo mashuani, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa kumi na saba.