Jina Kwenye Kichwa cha Gitaa

Katika maduka makubwa ya ala za muziki ya Marekani na Ulaya, magitaa mawili ya umeme yaliyotoka kiwanda kimoja huweza kutundikwa ubavu kwa ubavu. La kwanza lina jina la kiwanda peke yake. La pili lina saini ya mpigaji maarufu juu ya kichwa chake, pale nyuzi zinapokazwa. Hilo la pili mara nyingi huuzwa ghali zaidi, na sehemu ya bei yake humwendea mwenye saini kama mrabaha. Je, anastahili? Yeye hakupasua mbao, hakupiga msasa, hakupaka rangi. Swali hili limenikaa moyoni miaka mingi, kwa sababu limebeba jingine kubwa zaidi: ni kazi gani humpa mtu haki ya kuandikwa jina lake juu ya kitu?

Nafundisha vijana gitaa, na hakuna darasa linalopita bila mmoja wao kunionyesha kwenye simu picha ya gitaa lenye jina la nyota fulani wa roki. "Mwalimu, nikilipata hili nitafika alipofika yeye?" Rafiki yangu mmoja, mpiga solo wa siku nyingi, jibu lake ni fupi: "Hayo majina ni chambo, ndugu yangu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Namheshimu, na methali yake ni ya kweli. Lakini nimefuatilia habari za magitaa haya kwa mapenzi makubwa, na naona ukweli wake una pande nyingi kuliko chambo na ndoana.

Tuanze na mpiga gitaa Les Paul, ambaye jina lake ndilo maarufu kuliko yote yaliyowahi kuandikwa kwenye gitaa la umeme. Alizaliwa Waukesha, Wisconsin, mwaka 1915, akapewa jina la Lester Polsfuss. Magitaa ya ujana wake yalikuwa na tumbo lenye uwazi, na yakiunganishwa na amplifaya tumbo lile lilitetema na kuzua mvumo uliofunika muziki. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Les Paul aliruhusiwa kutumia karakana ya kiwanda cha Epiphone siku za Jumapili. Alichukua kipande kinene cha mbao ya msonobari, akakifunga nyuzi na vinasa sauti, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya ambazo hudaka mtetemo wa nyuzi. Kisha akabandika ubavu wa gitaa la kawaida kila upande, ili macho ya watu yakubali kwamba hilo nalo ni gitaa. Akaliita Gogo. Alipolipeleka kwa wakubwa wa Gibson, kiwanda kingine cha magitaa, walimcheka.

Mwaka 1948 gari alimokuwa lilipata ajali huko Oklahoma na mkono wake wa kulia ukavunjikavunjika. Madaktari walimweleza kwamba wakiuunga, kiwiko hakitakunjika tena. Aliwaomba wauunge ukiwa umepinda katika pembe ya kushikia gitaa, na aliishi na mkono huo hadi alipofariki mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 94.

Turudi nyuma kidogo. Huko California, fundi Leo Fender alianza mwaka 1950 kuuza magitaa ya mbao nzima isiyo na uwazi ndani. Gibson waliona soko linawaponyoka, wakamtafuta yule waliyemcheka. Mwaka 1952 gitaa la Les Paul likatoka, limepakwa rangi ya dhahabu. Ted McCarty, aliyekuwa rais wa Gibson wakati huo, alisema baadaye kwamba sehemu kubwa ya gitaa lile ilibuniwa kiwandani na mchango wa Les Paul ulikuwa mdogo. Les Paul alilisimulia kwa namna yake. Wajuzi wanabishana mpaka leo, na ubishi huo unanifundisha kwamba jina likishapanda juu ya kitu, watu watadai hesabu ya jasho lililo nyuma yake.

Yaliyofuata ndiyo yenye somo zaidi. Mauzo yalishuka, na mwaka 1961 Gibson wakabadili umbo la gitaa lile kabisa. Les Paul alisema umbo jipya halikumpendeza, na kufikia 1963 jina lake lilikuwa limeondolewa. Ungedhani hadithi imekwisha. Lakini vijana wa Uingereza walikuwa wakiyatafuta yale magitaa ya zamani, yaliyokwisha kutumika. Mwaka 1966 Eric Clapton alirekodi albamu na bendi ya John Mayall akipiga gitaa la namna hiyo, na sauti nzito iliyotoka ikawafanya wapigaji wa kila upande walitafute. Mwaka 1968 Gibson walilirudisha sokoni pamoja na jina lake. Biashara ndiyo iliyoliandika jina lile mara ya kwanza, kisha ikalifuta. Kilicholirudisha ni kazi ya mikono ya watu ambao Les Paul hakuwatuma wala kuwalipa. Hapo ndipo methali ya rafiki yangu inapothibitika: kizuri kilijiuza hata baada ya mwenyewe kuvuliwa heshima.

Nikiulizwa basi mpigaji gani anastahili, kipimo changu cha kwanza ni hiki: je, alikiongezea nini chombo chenyewe? Mtengenezaji anamhitaji mpigaji kuliko tunavyodhani. Leo Fender alikuwa fundi wa redio asiyejua kupiga gitaa, na ubora wake ulikuwa katika kusikiliza. Wapigaji walimlalamikia kwamba kona za magitaa yake ya mwanzo zinawachoma mbavuni. Mmoja wa waliomjaribia magitaa hayo na kumrudishia maoni alikuwa Bill Carson. Gitaa lake la Stratocaster lilipotoka mwaka 1954, lilikuwa na mgongo uliochongwa kufuata mwili wa binadamu. Jina la Carson halikuandikwa juu yake, lakini kila anayelikumbatia gitaa lile anapumzisha mbavu zake juu ya lalamiko la mpigaji.

B. B. King, mfalme wa blues ambaye anaidai roki mengi, alikuwa akisokota matambara na kuyasukumia kwenye matundu ya gitaa lake ili kuzuia mvumo. Mwaka 1980 Gibson walimtengenezea gitaa lisilo na matundu yale kabisa, na kichwani wakaandika Lucille, jina alilokuwa akiyaita magitaa yake yote. Jina hilo lilitoka Twist, Arkansas, mwaka 1949. Wanaume wawili walipigana ukumbini, wakaangusha pipa la mafuta ya taa yaliyokuwa yakiwaka, na moto ukashika jengo. King alikimbia nje, kisha akarudi ndani ya moto kuchukua gitaa lake. Alipoambiwa kwamba ugomvi ulimhusu mwanamke aitwaye Lucille, alilipa gitaa jina hilo ili asisahau upumbavu wa kuingia motoni kwa ajili ya chombo. Kwa hiyo gitaa la heshima yake limebeba shida aliyoitatua kwa matambara, na onyo alilojipa mwenyewe. Sijui heshima gani ingekuwa ya haki kuliko hiyo.

Na yuko Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen. Mwaka 1963, akiwa kijana ambaye wazazi wake hawakumudu gitaa la dukani, alianza kutengeneza la kwake pamoja na baba yake, Harold, mhandisi wa vifaa vya elektroniki. Shingo waliichonga kutoka ubao wa rafu ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Alama za shingoni walizikata kutoka kwenye vifungo vya nguo vya mama yake. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Kazi hiyo ilichukua kama miaka miwili. Sauti ya gitaa hilo ndiyo iliyokwenda sambamba na sauti ya mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Leo kampuni ya May mwenyewe huuza magitaa ya umbo lile, na hapo sina swali. Jina lile liliandikwa na baba na mwana kabla dunia haijalijua.

Lakini kuna kitu ambacho hata mwenye jina halali hawezi kukiuza. Mpiga gitaa Eddie Van Halen, aliyezaliwa Uholanzi na kukulia California, alinunua kiwiliwili cha gitaa chenye kasoro kwa dola 50 na shingo kwa dola 80. Alichimba mbao kupata nafasi ya kinasa sauti kutoka gitaa jingine, akakichovya kinasa hicho katika nta ya moto ili kisipige kelele, kisha akalipaka gitaa lote mistari kwa rangi ya baiskeli. Kwa gitaa hilo alirekodi albamu ya mwaka 1978 iliyobadili namna dunia inavyosikia gitaa. Mwaka 2007 kampuni ya Fender ilitoa nakala 300 zake, kila moja kwa dola 25,000, zikiwa zimeigiza mikwaruzo yote na alama za kuungua kwa sigara. Waliozitengeneza walikuwa mafundi wa hali ya juu. Hata hivyo, mikwaruzo ya gitaa la kwanza ilitokana na kijana aliyekuwa akitafuta sauti ambayo hakuna duka lililoiuza, na utafutaji huo haunakiliki. Hili ndilo jibu ninalompa kijana mwenye simu yake: kuvaa joho la mhitimu hakumpi mtu shahada. Kama una fedha, nunua gitaa lenye jina la unayempenda, ulifurahie, ujifunze alichokuwa akikitafuta. Ila usitarajie mbao zikufanyie saa ambazo yeye alizifanya peke yake chumbani.

Kipimo cha pili ni uhai wa ahadi. Saini ni neno la mtu kwamba kitu hiki nimekishika, nimekikubali. Jimi Hendrix alifariki Septemba 1970 akiwa na umri wa miaka 27. Alikuwa mshoto, akipiga magitaa ya watu wa mkono wa kulia kwa kuyageuza juu chini. Mwaka 1997 Fender walitoa Stratocaster ya kumuenzi, wakayageuza hata maandishi ya kichwani, ili mpigaji wa mkono wa kulia akisimama mbele ya kioo ajione kama Hendrix. Naielewa nia ya kumkumbuka. Lakini marehemu hana nafasi ya kusema hiki sikipendi, kama alivyosema Les Paul. Kwa hiyo warithi na viwanda wanaotumia jina la marehemu wanabeba amana nzito kuliko wanaotumia la aliye hai, na wapimwe kwa ukali zaidi.

Kipimo cha tatu ni wapi faida inakwenda. Mpiga gitaa Bonnie Raitt alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa na Fender gitaa lenye jina lake, katikati ya miaka ya 1990, na mapato yake aliyaelekeza kwenye mpango wa kuwapatia watoto magitaa na mafunzo. Heshima iliyomfikia yeye ilipita mikononi mwake ikawafikia wasiokuwa na kitu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu alisifiwa akaongeza vibuyu vya kuwagawia wengine.

Nikitafakari haya yote, wanaonigusa kwa kina zaidi ni wale ambao majina yao hayakuwahi kukaa kichwani mwa gitaa. Katika kiwanda cha Fender miaka ya 1950, Tadeo Gomez alikuwa akichonga shingo za magitaa, na kwenye kisigino cha shingo, mahali panapofichika shingo ikishafungwa kwa skrubu, aliandika kwa penseli herufi TG na tarehe. Abigail Ybarra aliingia kiwandani humo mwaka 1956, akazungusha waya mwembamba kama unywele kwenye vinasa sauti hadi alipostaafu mwaka 2013. Nyota wengi walitamba kwa mikono ya watu hawa bila kuwafahamu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Leo wakusanyaji hufungua magitaa ya zamani wakizitafuta zile herufi mbili za penseli, na vinasa sauti vya Ybarra vilikuja kutafutwa kwa jina lake. Ilichukua miaka mingi mno, lakini sikio la haki liliisikia kazi yao.

Kwa hiyo nimefikia uamuzi wangu. Mpigaji aliyekiongezea chombo kitu, anayesimama nyuma ya saini yake, na asiyewasahau waliomtangulia na watakaomfuata, anastahili jina lake liandikwe, na mrabaha wake ni halali. Umaarufu peke yake hautoshi. Kiwanda kinachobandika jina la nyota juu ya gitaa ambalo hakulibadili hata skrubu moja kinamuuzia kijana picha, na kijana ana haki ya kuambiwa hivyo. Nami naona ingekuwa haki pia kila gitaa la namna hiyo litoke na kijikaratasi chenye majina ya mafundi walioliunda.

Wengi wetu hatutapewa gitaa lenye jina letu. Lakini kila mmoja ana chombo chake: chaki, jembe, cherehani, kompyuta, sheria anayoisimamia, mtoto anayemlea. Vipimo ni vilevile. Kimekuwa bora kwa kupita mikononi mwetu? Tuko tayari kujibu kikilalamikiwa? Faida yake imewafikia wengine? Mtu anayeweza kujibu ndiyo mara tatu amekwisha kutia saini yake, na atakayekishika chombo hicho kesho atafanya kazi yake kwa wepesi zaidi, amjue asimjue.